Daktari Aliyemkimbia Mama Mkwe

Msinicheke nikianza na mbio. Asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na nane, daktari mzima, mwenye koti jeupe na masomo ya London kichwani, alichomoka kwa mlango wa nyuma wa chumba cha macho pale Nakuru, akapita katikati ya shuka zilizoanikwa, akaenda kujibanza nyuma ya stoo ya makaa ya hospitali. Alikuwa ameona nini? Chui? Askari wa kipande? Hata! Alikuwa amemwona mama mkwe wake kwenye foleni ya wagonjwa, ameshikwa mkono na binti yake, anakuja kutibiwa macho.

Anayecheka hajaoa kwa Wabukusu. Kule, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hugeukia kichakani na mwingine hujitanda leso usoni mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na anayeivunja haoni haya peke yake. Ni kama kumvua mzee wa watu nguo hadharani. Sasa fikiria kwamba kazi iliyokulisha na kukupa jina ni kuwakodolea watu macho, pua kwa pua, mpaka unasikia pumzi yao shavuni. Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Zakayo Nyongesa.

Alizaliwa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizopangwa karibu na stesheni, mahali ambapo kuta zilibandikwa magazeti ili baridi isipenye. Baba yake, Wamalwa, alikuwa fayamani, kazi yake kulisha garimoshi makaa kutoka Nakuru mpaka kule juu Molo na kurudi. Miaka mingi ya kuutazama moto ule ilimtia ukungu machoni, na siku aliposhindwa kusoma bendera ya gadi wa treni, reli ilimwambia asante na kwaheri. Nyongesa alikuwa darasani wakati huo. Alikuwa kijana mbishi, wa kuuliza swali moja mara tatu, na swali lake likawa hilo: kwa nini jicho hufa mtu angali mzima?

Ubishi wake ulimpeleka Makerere, akatoka daktari. Ukampeleka London, akafundishwa macho. Wenzake wengi walipenda kutoa mtoto wa jicho, maana ile ni kazi yenye shukrani. Leo unamtoa, kesho mgonjwa anakuita kwa jina. Nyongesa akachagua kazi isiyo na shukrani. Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha, nao huitwa retina. Utando huo ukichanika, maji hupenya nyuma yake, nao hubanduka kidogo kidogo, sawasawa na yale magazeti ya landi yakipata unyevu. Ukiwahi, unaweza kuchoma mahali palipochanika kwa sindano ya umeme, kovu likaushika utando mahali pake. Ukichelewa, basi tena. Mwalimu wake alimwambia maneno ambayo Nyongesa naye aliwahubiria wanafunzi na wauguzi mpaka wakachoka: mgonjwa akikuambia anaona nzi wanaruka na umeme unamulika, acha chai yako, acha hata mazishi, mtazame saa hiyo hiyo.

Aliporudi Nakuru, hospitali ilimpa chumba kilichokuwa stoo ya bendeji, upande wa wodi za Waafrika. Akakipaka rangi nyeusi ndani, akaziba dirisha, akaanza kazi. Walikuja kutoka Njoro, Lanet na Gilgil. Hata mlowezi mmoja wa shamba kubwa alikuja, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi ili wenzake wasimwone akitibiwa na Mwafrika. Nyongesa alimtibu, na jioni alimsimulia mkewe Nabalayo huku akicheka mpaka machozi. "Yaani mtu anakuja na jicho linakufa, na kinachomuuma ni aibu!" alisema. Ama kweli, nyani haoni kundule.

Nabalayo alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Mama yake, Nasimiyu, alikuwa mjane akichuma pareto katika shamba moja la Molo, mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na makali. Nabalayo alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Nekesa, Nasimiyu alishuka Nakuru kumwona mjukuu. Kulala kwa mkwe haiwezekani, kwa hiyo alifikia landi kwa dada yake, na Nyongesa akitoka kwenda kazini ndipo yeye huingia. Kwa muda wote wa ziara ile, daktari alimwona mara moja tu, tena kisigino, kikikunja kona ya nyumba.

Huo ulikuwa mwaka wa kiangazi kibaya. Ziwa lilikuwa limekauka likabaki tambarare nyeupe, na kila alasiri upepo ulipeperusha vumbi la magadi mpaka mjini. Nakuru nzima ilikuwa inafikicha macho. Jioni moja Nabalayo akamwambia mumewe, "Baba Nekesa, mama analalamika jicho la kushoto. Anasema anaona vitu kama nzi wanaruka, na akifumba macho, kama umeme unamulika."

Nyongesa alikuwa amemshika mtoto. Alisikia vizuri sana. Moyo ulimruka, kwa sababu maneno yale aliyajua neno kwa neno. Lakini nyuma ya maneno alimwona mama mkwe, na uso wake, na yeye mwenyewe ameinama juu ya uso ule na taa mkononi.

"Ni vumbi la magadi hilo," alisema. "Mji mzima unaumwa. Nitakupa matone umpelekee."

"Si umtazame mwenyewe? Yupo hapo landi tu."

"Una wazimu wewe? Nimtazame mama usoni? Watu wataniitaje?"

Nabalayo akacheka, na yeye akacheka, wakaanza kuzungumza habari za mtoto kukataa kunyonya. Matone yakapelekwa. Nasimiyu akarudi Molo, na huko kwenye baridi na ukungu aliyatia jichoni asubuhi na jioni kwa imani yote, maana yalitoka kwa mkwe aliyesoma. Pazia jeusi likaanza kushuka pembeni mwa jicho. Akazidisha matone. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Kwamba dawa ya mkwe haifai? Hiyo nayo ni kumvunjia heshima. Jicho la kushoto likazimika kimya kimya, naye akajifunza kuchuma pareto kwa kugeuza kichwa.

Kisha nzi wakaanza kuruka katika jicho la kulia. Hapo alishikwa na hofu. Akampelekea binti yake ujumbe kwa dereva wa lori la viazi, na Nabalayo akaenda Molo kwa lori lilelile akamleta.

Sasa mnajua kwa nini daktari alikuwa nyuma ya stoo ya makaa. Aliyemkuta pale ni Sista Jepkorir, muuguzi wake, msichana Mnandi mwembamba ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika.

"Daktari," alisema, mikono kiunoni, "naona leo unatibu makaa."

"Sista, yule mama siwezi. Wewe hujui mila zetu."

"Zetu pia zina wakwe. Lakini mkeo analia pale ndani. Anasema mama ameanza kuona nzi na umeme katika jicho lililobaki. Au nimpe matone?"

Hakuwa na habari ya matone yale mengine, masikini, alitania tu. Lakini neno lilimchoma Nyongesa palepale palipokuwa pabovu. Jicho lililobaki. Ina maana la kwanza lilikuwa limekwenda. Alijipangusa vumbi la makaa kwenye koti akalichafua zaidi, akamfuata.

Hapakuwa na wa kumwachia mzigo ule. Mtaalamu wa Nairobi alikuwa likizoni kwao Uingereza, na hata angekuwepo, wodi yake haikuwalaza Waafrika. Jepkorir ndiye aliyepata njia. Alichukua kile kitambaa cha upasuaji chenye tundu katikati, akamfunika Nasimiyu kichwa na uso, likabaki jicho moja tu likichungulia. Taa zikazimwa. Nabalayo akasimama katikati yao, kwa sababu wakwe wale wawili, japo wamebanwa katika chumba kimoja kama sanduku, hawakukubali kusemezana.

"Mwambie huyo mtu afanye upesi," alisema Nasimiyu.

"Mwambie mama atazame juu," alisema Nyongesa.

"Mwambie huyo mtu kwamba juu hakuna kitu, ni giza tupu."

Nyongesa akainama. Shavu lake likagusa kitambaa, na chini ya kitambaa alisikia pumzi ya mzee wa watu ikikatika kwa haya. Akawasha mwanga akatazama ndani ya jicho la kushoto. Retina ilikuwa imebanduka yote, imejikunja, ngumu na nyeupe. Haikuwa ya juzi. Alirudi nyuma kwa hesabu kichwani, akafika kwenye jioni ile ya mtoto na kicheko. Siku ile kulikuwa na mchaniko tu. Mchaniko mdogo, wa kuchoma na kusahau.

Akahamia la kulia. Palichanika juu, maji yalikuwa yameanza kupenya, lakini katikati, pale panapoona nyuso na nyuzi za sindano, palikuwa bado pameshikilia.

"La kulia tutalipasua kesho," alisema.

"Na la kushoto?" aliuliza Jepkorir.

"Limekufa zamani."

"Zamani ya lini?"

Nyongesa alizima taa yake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na katika chumba kile mwosha alikuwa yeye peke yake. Hakuna mwingine ambaye angeweza kusoma alichokisoma. Angeweza kunyamaza mpaka siku ya kufa, na kujua hivyo kulimtia aibu kubwa kuliko ile ya kwanza.

Nasimiyu aliposikia habari ya upasuaji, alikataa katakata. "Mwambie huyo mtu jicho hili nimemwachia Mungu. Bora upofu kuliko kulazwa chali mbele ya mkwe."

Hapo Nabalayo akawaka. "Mficha uchi hazai, mama! Mimi ulinizaa umejifunika uso? Mmoja anajificha kwenye makaa, mwingine anajificha kwa Mungu, na mimi ndiye nitakayekushika mkono mpaka kaburini! Mnaniheshimu mimi lini?" Alilia kwa hasira, mtoto mgongoni naye akalia, na wagonjwa wa nje wakatega masikio. Mwisho Nasimiyu akasema sawa, lakini uso ubaki umefunikwa, na Molo wasiambiwe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Hilo nalisema upesi kwa sababu mikono ya Nyongesa ilipopata kazi ilisahau haya. Matata yalikuja baadaye. Siku zile, mtu aliyechomwa retina alilazwa chali, macho yote mawili yamefungwa bendeji, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, asigeuke, asikohoe, asicheke, wiki baada ya wiki mpaka kovu lishike. Kila kukicha daktari alilazimika kuja kutazama bendeji.

Siku za mwanzo alikuja kimya kama mwizi. Lakini Nasimiyu alimtambua kwa viatu.

"Huyo mtu amekuja," aliiambia hewa. Nabalayo hakuwepo, alikuwa shuleni. Nasimiyu akaongeza, "Basi kwa kuwa mimi sioni, na wewe unaona bendeji tu, nadhani hatujatazamana."

Nyongesa akafikiri. "Nadhani hatujatazamana, mama."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Bendeji zile ziliwapa ruhusa ambayo wazee wasingewapa. Nasimiyu alimweleza jinsi marehemu mumewe alivyomposa kwa jembe na kwa ukaidi. Alimuuliza London watu hula nini, na alipoambiwa viazi, akasema basi angebaki Molo tu. Nyongesa, aliyempoteza mama yake angali mdogo, alijikuta akiipitia wodi ile mara mbili kwa siku bila sababu. Mara moja alimsimulia habari ya stoo ya makaa, na tumbo la mama mkwe likaanza kutikisika chini ya blanketi mpaka Jepkorir akaja mbio.

"Daktari! Wewe ndiwe uliyeandika mgonjwa asicheke!"

Zilikuwa siku nzuri, na kila iliyopita ilimzidishia Nyongesa uchungu. Maana mama alikuwa na shukrani. Asubuhi moja alisema, "Mkwe wangu, Mungu akubariki. Lile la kushoto lilikuwa bahati yangu mbaya tu. Lakini matone yako yalinipoza sana. Niliyatia mpaka chupa ikaisha, nikaiosha kwa maji nikayatia na yale maji."

Nyongesa alitaka ardhi ipasuke immeze. Alitazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, na miguu anayo. Badala ya kwenda, akavuta kiti.

"Mama," alisema, "haikuwa bahati mbaya. Nabalayo aliponiambia nzi na umeme, nilijua. Nilijua siku ile ile. Ningekutazama, ningepachoma palipochanika, ungekuwa na macho mawili. Nilitoa matone kwa sababu niliona haya kukutazama. Matone yale yalikuwa ya vumbi. Hayakuwa dawa ya kitu chochote ulichokuwa nacho."

Nyongesa alingoja matusi, na angeyapokea kwa mikono miwili. Alingoja kilio. Alingoja hata kikohozi. Mwisho mama alifungua kinywa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, niletee maji."

Tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Daktari akija, alilala kama gogo, midomo imefungwa. Nyongesa alimsalimu, akangoja, akatazama bendeji, akaondoka. Nyumbani hakumwambia Nabalayo lolote; wala mama, alivyoona, hakumwambia. Usingizi ulimpaa. Alitamani siku ya kufungua ifike, akaiogopa kama siku ya hukumu.

Ikafika. Hakuthubutu kufungua mwenyewe. Alimwachia Jepkorir, akasimama varandani, mgongo ukutani, akisikiliza.

"Polepole, mama. Haya, fungua jicho. Unaona nini?"

Nyongesa akashika ukuta.

"Naona kofia nyeupe," ilisema sauti ya Nasimiyu, taratibu. "Na chini yake kasichana kembamba. Kumbe ni wewe? Kwa sauti ile nilidhani ni jimama."

Nabalayo akapiga yowe la furaha. Nyongesa naye akasahau kila kitu, mila, makaa, matone, akaingia wodini kwa hatua kubwa, akasimama mbele ya kitanda mikono imenyooshwa kama mtoto anayetaka kubebwa.

Nasimiyu akageuza kichwa. Jicho lake moja likamkuta, likatua usoni pake, waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yake. Kisha mama akavuta leso, akajifunika uso mpaka kidevuni, akageukia ukutani.

Wodi nzima ikalipuka. "Amemwona mkwe! Anaona, jamani, anaona!" Vigelegele vikapanda, na wale waliokuwa wamefungwa macho wakauliza majirani zao kumetokea nini, nao wakiambiwa wakacheka. Jepkorir alijifuta machozi kwa aproni. "Daktari, hiyo ndiyo shukrani yako. Kipofu hamfichi mtu uso."

Nyongesa alicheka meno tu. Alikuwa akiutazama mgongo ule ulioelekea kwake. Mama anayemheshimu mkwe wake hujifunika uso akageukia ukutani. Mama asiyeweza kumsamehe mkwe wake naye angefanya nini? Lile lile, bila kuongeza wala kupunguza. Na sasa kwa kuwa anaona, hapakuwa tena na ruhusa ya kumuuliza.

Nasimiyu alirudi Molo, akachuma pareto miaka mingi kwa jicho lile moja, na uzi wa sindano alitunga mwenyewe. Kila likizo Nyongesa alimpeleka Nekesa kwa nyanya yake, akisimama langoni kama inavyompasa mkwe. Mama alitoka, akampokea mtoto, leso imeshushwa upande wa langoni, akarudi ndani bila kugeuka. Majirani waliokuwa wakipita walitikisa vichwa kwa kupendezwa.

"Daktari, una bahati," walimwambia. "Umempa mama jicho, na bado anakuonea haya vile vile. Wamebaki wangapi wenye heshima kama hiyo?"

"Ndiyo," alijibu Nyongesa, "mama ana heshima." Kisha alikosa pa kuuweka uso wake.